Marehemu Alikuja Kula Hitima Yake

Niliwahi kula sinia moja na marehemu.

Si ndotoni. Mchana kweupe, siku ya Ijumaa, baada ya swala, hapa hapa Pongwe, Tanga. Yeye upande wake, mimi upande wangu, katikati pilau ya hitima.

Na hitima yenyewe ilikuwa yake.

Najua mnavyonichukulia humu ndani. Ame wa vichekesho, Ame wa kuwachamba watu. Leo nawaomba mkae kitako. Hii nimeiandika mara nne nikaifuta mara nne, kwa sababu kila nikifika katikati nachomeka utani, na utani wenyewe haukai.

Haya.

Mimi ni fundi cherehani. Sishoni, bwana, hata kifungo sijui kukitia. Natengeneza cherehani zenyewe. Nina kisanduku cha bisibisi na kopo la oili, napita kwa washonaji Ngamiani, Makorora, mpaka huku Pongwe.

Ndivyo nilivyomjua Maryam.

Cherehani yake ilikuwa inakata uzi. Nikavuta kijidroo kutafuta bobini ya uzi, nikatoka na picha ya harusi. Yeye huyo, hina mpaka karibu na kiwiko. Pembeni yake jamaa mrefu, nyusi zimeungana, kovu kwenye kidevu.

"Mumeo?"

"Marehemu."

"Samahani sana."

"Samahani ya nini? Weye ndiye ulomuua?"

Nikasema moyoni, huyu ndiye. Mimi nimezoea kuwanyamazisha watu. Huyu kaninyamazisha mimi na bisibisi mkononi.

Marehemu aliitwa Yakoub. Watu wa Pemba, yeye na ndugu zake, walihamia Mkwaja zamani kidogo. Yakoub akaenda Msumbiji kuchimba rubi. Siku moja shimo likaporomoka. Wenzake wakarudi na begi lake tu, na simu iliyopasuka kioo. Mwili haukupatikana.

Mkwaja wakamswalia hivyo hivyo, swala ya maiti bila maiti. Maryam akakaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ndani, hakuna manukato, hakuna kujipamba. Alipotoka akachukua cherehani yake akaja Pongwe kuanza upya.

Nilimposa mara tatu.

Mara ya kwanza alidhani natania. Mara ya pili alijua sitanii, akasema hapana. Mara ya tatu akaniuliza, "Na weye ukifa?"

"Nitakuaga kwanza."

Akacheka. Ndoa ikapita mwaka juzi, Shehe Suleimani akatufungisha.

Nisiwadanganye, alinipenda. Lakini alinipenda kama mtu anayekula huku anasikiliza hodi. Unamsimulia jambo, anaitikia, mara macho yameshakwenda mlangoni. Sikuuliza. Nilijisemea taratibu, Ame, hii ni nafasi yake ya pili, usimharakishe.

Sasa Ijumaa moja, saa kumi alasiri, natoka dukani na mkate, namuona mtu amesimama chini ya nguzo ya umeme inayotazamana na nyumba yetu.

Mrefu. Nyusi zimeungana. Kovu kwenye kidevu.

Mkate ukanidondoka.

Nikakimbilia kwa Praxeda, yule dada anayekaanga mihogo kwenye kona. "Praxeda! Unamuona yule mtu pale nguzoni?"

Praxeda akainua kichwa kwenye karai, akatazama. "Mtu gani?"

Nikageuka. Hayupo.

"Jini, Praxeda. Mume wa Maryam. Yule aliyekufa!"

"Ame, utani wako utakuua. Nunua muhogo au ondoka, unanizuia wateja."

Hapo ndipo nilipojua hasara ya kuwa mcheshi. Ukiwa na shida ya kweli, watu wanasubiri sehemu ya kucheka.

Ijumaa ya pili, yuko pale. Ya tatu, yuko. Hasogei, hasemi, anatazama dirisha la chumba ambacho Maryam anashonea. Najua kuna majini ya usiku, ya mitoni, ya mapangoni. Hili la saa kumi jioni, juani, limevaa kanzu ina kiraka, sikuwahi kulisikia.

Maryam sikumwambia. Ningemwambiaje? Mke wangu, yule uliyekuwa unamsubiri mlangoni kafika?

Nikatafuta ubani. Ijumaa ya nne nikawasha chetezo nikakiweka kizingitini, nikapepea moshi wote kuelekea nguzoni, huku nasoma kila aya niliyowahi kufundishwa madrasa na nyingine nikizichanganya.

Moshi ukamfikia. Akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka akajikunja, akashika nguzo, akaondoka anapepesuka.

Mimi nikaruka. Unafanya kazi! Ubani unafanya kazi!

Mtanisamehe. Nilicheza kabisa pale kizingitini.

Ijumaa ya tano akarudi.

Nikaona isiwe tabu, nikaenda kwa Shehe Suleimani.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Leo huna kichekesho?"

Nikamweleza yote. Akavuta ndevu. "Huyu aliswaliwa bila kaburi. Hapana mtu aliyemsomea hitima tangu mjane alipohama Mkwaja. Msomeeni. Toeni sadaka kwa jina lake. Roho itulie."

Nikarudi kwa Maryam na uongo mdogo. Nikamwambia shehe kashauri tumkumbuke marehemu, ni vizuri. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Akaweka mkasi chini, akasema, "Miye mwenyewe nilitaka nikuombe hilo. Niliona haya."

Akapika kwa mkono wake, sufuria mbili kubwa. Msikitini wakatangaza baada ya swala ya Ijumaa: hitima ya marehemu Yakoub, nyumbani kwa Ame fundi cherehani, wote mnaalikwa.

Watu wakaja, kisomo kikasomwa, dua ikaitikiwa. Nikatandika majamvi uani, masinia yakashuka, watu wanne wanne, watano watano.

Mimi nikakaa sinia la mwisho, lililobaki na mtu mmoja.

Nikasema bismillahi, nikainua uso.

Nyusi zimeungana.

Jamani, kuna hofu ya kupiga kelele na kuna hofu ya kukauka. Mimi nilikauka. Mkono uko ndani ya pilau, hauendi mbele hauji nyuma. Kulia kwangu wazee wanasimulia bei ya nazi. Hakuna anayemjua pale, Pongwe hawajawahi kumuona Yakoub.

Yeye anakula. Anakula kwa adabu, upande wake tu, kama mtu mwenye njaa anayejizuia.

"Pilau tamu," akasema.

Akachota tonge jingine.

"Hakutia kitunguu thaumu. Anajua sili."

Ni kweli. Nikaonja, haikuwa na thaumu hata punje.

"Wewe..." nikaanza. "Wewe umekujaje hapa?"

"Nimealikwa. Msikitini wametangaza jina langu. Ningeachaje kuja?"

Akakohoa. Akatoa leso, akafuta mdomo, akaikunja haraka. Lakini niliona. Ilikuwa na damu.

Majini hayatoki damu.

Nikanyoosha mkono juu ya sinia, nikamshika kiwiko. Mfupa. Ngozi. Joto la homa.

"Ya Allah," nikasema. "Wewe u hai."

"Kidogo," akajibu.

Mkumbuke mimi ndiye niliyekuwa nikimfukiza.

Tukatoka nyuma ya nyumba, penye mapipa ya maji, akanieleza kwa kifupi maana pumzi ilikuwa haimtoshi. Shimo liliporomoka kweli, ila yeye alitokea upande wa pili, akaangukia mikononi mwa askari. Akafungwa miaka mitano kwa kuchimba bila kibali. Alipotoka kifua kilikuwa kimeharibika kwa vumbi. Akajikokota mpaka Mkwaja. Mama yake mdogo alipomuona alizimia. Ndugu yake Msafiri ndiye aliyemwambia kwamba Maryam ameolewa Pongwe.

"Nikasema nikamtazame kwanza anaishije. Nikaja mara ya kwanza, nikamuona dirishani anashona. Nikashindwa kubisha hodi. Nikaja tena, nikashindwa tena. Halafu kuna mtu akanifukizia ubani."

"Kaka, ile..."

"Najua. Ningekuwa weye, ningechoma nyumba nzima."

Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Talaka. Talaka moja, imeandikwa asubuhi ile, mashahidi Msafiri na imamu wa Mkwaja.

"Ndoa yenu ilifungwa kwa habari ya kifo changu, na miye sikufa. Kwa hiyo hapa mlipo hampo sawa, weye hujui na yeye hajui. Mpe hii. Akae eda yake, mfunge upya, ndoa isiyo na shaka. Miye nimeshaswaliwa. Mtu haswaliwi mara mbili."

"Na akikutaka wewe?"

Akanitia karatasi mkononi. "Mpe karatasi, Ame," akasema. Akaondoka kwa mlango wa uani.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni upumbavu wangu.

Ile karatasi sikumpa.

Nilimpelekea Shehe Suleimani jioni ile ile, kuuliza tu. Akaisoma mara mbili. "Maryam ni mke wa Yakoub. Tangu leo yuko kwenye eda yake. Wewe jitenge naye, na umkabidhi karatasi yake leo hii. Na ujue jambo moja. Hii ni talaka moja. Kabla eda haijaisha, Yakoub akisema tu nimemrejea mke wangu, basi amemrejea. Hahitaji ndoa wala ruhusa yako."

Neno moja. Mtu anaweza kunichukulia mke kwa neno moja, na hana kosa.

Nikaificha karatasi chini ya kopo la oili kwenye kisanduku changu.

Nikajitia naumwa mgongo, nikalala kwenye mkeka sebuleni, maana dini nilikuwa naiogopa. Ukweli ndio niliokuwa nauogopa zaidi.

Na Maryam naye akanimaliza kabisa.

Siku ya tatu kaniletea maji ya moto ya kukanda mgongo, akakaa pembeni ya mkeka. "Ame, nikwambie kitu, usinicheke."

"Sicheki."

"Nilikuwa namuona Yakoub. Pale nguzoni. Ijumaa zote. Nikadhani napata wazimu, nikaogopa kukwambia utaniona bado sijamsahau. Ndiyo maana pilau nikaipika anavyopenda. Sasa Ijumaa hii tuliyomsomea, sikumuona tena nguzoni. Amepumzika." Akanishika mkono. "Miaka yote hii nilikuwa nusu. Sasa ndiyo nimekuwa mkeo."

Mimi nimelala pale na mgongo wangu mzima. Mtu anakupa kitu ulichokiomba miaka miwili, na huna haki ya kukipokea.

Akaanza kuimba akishona. Akapaka hina. Nikawa nakwenda kazini natengeneza cherehani ambazo hazijaharibika, ilimradi nisirudi.

Siku ya tisa, Jumapili, alikuwa anakata kitambaa mezani. Akasema bila kuinua uso, "Mgongo ukipona, nataka tupate mtoto."

Nikaenda kwenye kisanduku. Nikainua kopo la oili. Nikampa.

Alisoma amesimama. Karatasi ilikuwa na alama ya duara ya oili, akaifuta kwa kidole kama vile itatoka.

"Hii ni hati ya Yakoub. Naijua hati yake."

"Ndiyo."

"Yu hai."

"Ndiyo. Alikuja hitimani. Tulikula sinia moja."

Nilidhani atapiga ukelele. Akasoma tena, akasimama kwenye tarehe. "Hii ni ya Ijumaa ya hitima. Leo Jumapili ya pili." Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Siku tisa, Ame."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Weye? Weye unayepata la kusema hata msibani?"

Akaikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuja.

"Anaumwa?"

"Kifua."

"Na pilau alikula?"

"Alikula."

"Akamaliza?"

"Alimaliza upande wake."

Ndipo alipokaa chini, palepale kwenye mabaki ya vitambaa, akalia. Na mimi sikuweza kumshika. Hakuwa mke wangu.

Kesho yake akaenda Mwera, kwa shangazi yake Bi Tabia, kukaa eda. Hakubeba cherehani. Nilitaka kumuuliza kama atarudi, nikamuuliza kama ana maji ya kunywa njiani.

Siku nne hivi zikapita, Bi Tabia akanipigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nakwambia usije ukasikia kwa watu. Maryam hayupo kwangu. Amekwenda Mkwaja. Yakoub hawezi, amelala kitandani, na yeye kasema anakwenda kumuuguza."

"Amemrejea, shangazi?"

"Mimi sikuwako, mwanangu."

Ndugu zangu, kuna kusubiri majibu ya mtihani, kuna kusubiri simu ya mtu. Mimi nilisubiri neno la mtu mwingine kinywani mwake, maili nyingi kutoka nilipo. Kila simu ikilia nasikia "nimemrejea." Praxeda akaniona nimekonda, akanipa muhogo bure, na hilo peke yake lingewatosha kujua hali yangu.

Siku ya kumi na moja tangu Maryam aende Mkwaja, saa nne asubuhi, simu ikaita. Msafiri, ndugu yake Yakoub.

"Ame. Yakoub ametangulia. Alfajiri."

Nitawaambia ukweli hata mkiniona mbaya. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, nilifurahi. Halafu nikaona haya mpaka nikakaa chini barabarani.

Nilikwenda Mkwaja. Safari hii kulikuwa na mwili, kulikuwa na jeneza, kulikuwa na kaburi. Wakaomba mtu wa tatu wa kushuka kumpokea, watu wakatazamana, Msafiri akaniita, "Shuka."

Nikashuka. Nikampokea mikononi. Nimebeba cherehani nyingi nzito kuliko yule mtu.

Baada ya dua nikamvuta Msafiri pembeni. "Alimrejea?"

"Sikuwauliza. Na wewe usiulize."

Maryam sikumuona. Alikuwa ndani na wanawake.

Niliporudi nikapita kwa Shehe Suleimani, nikijua zimebaki kama miezi miwili ya eda ile ya talaka. Shehe akatikisa kichwa.

"Amekufa eda haijaisha. Ile imefutika. Anaanza eda ya kufiwa. Miezi minne na siku kumi."

"Shehe, si ameshaikaa! Kwa mtu huyu huyu!"

"Ile aliikaa kwa habari," akasema. "Hii anaikaa kwa kifo."

Basi mke ambaye si mke wangu anamkalia eda mume mmoja mara ya pili, na mimi siruhusiwi kumuona, wala kumposa, wala kumtumia salamu yenye kitu ndani yake. Nilimpigia Bi Tabia kumuomba amfikishie japo neno, akanikatisha: "Mwanangu, aliye edani haposwi. Kaa na neno lako."

Mimi. Nikae na neno langu.

Nimekaa nalo.

Juzi Bi Tabia kanipigia mwenyewe.

"Maryam kasema nikupe ujumbe. Sipendi kuingia kati, nausema mara moja tu. Kasema alipata kukaa na Yakoub siku kumi na moja. Kasema zingekuwa ishirini."

"Ninajua, shangazi."

"Kasema siku ya kutoka eda usije. Ukae siku tisa nyingine. Ukae nazo zote, moja moja, ndiyo uje."

"Nije nisikie nini, shangazi?"

"Hilo hakulisema." Akakata simu.

Leo eda imebaki siku thelathini na mbili. Jumlisheni tisa wenyewe, mimi nimejumlisha mpaka nimechoka.

Ninalotaka mlichukue hapa ni hili. Habari ya mtu ikipitia mkononi mwako, usilale nayo, hata kama ndiyo itakayokuvunjia nyumba. Mimi nilidhani naficha karatasi. Nilikuwa nakula siku za mtu aliyekuwa hana nyingi, na kuna mwanamke alikuwa anazihitaji zote.

Kwenye komenti niulizeni mtakacho, nitawajibu, mnanijua. Msiniulize tu kama atanikubali.